CRP ya mbwa mwenye mimba imepanda: jinsi ya kusoma majibu ya damu bila kukurupuka

Mbwa jike amepandwa, wiki ya tano inaingia, unampeleka kupima damu kwa nia nzuri tu ya kujua afya yake, majibu yanarudi CRP (protini ya damu inayopanda mwili ukichokozwa) iko 40 na pembeni kuna mshale unaoangalia juu. Hapo ndo wengi wanachanganyikiwa. Wengine wanaanza antibiotiki siku hiyo hiyo, na wengine (hii inaniuma kweli) wanaambiwa kizazi kina usaha, mbwa anaandaliwa kupasuliwa, kumbe tumboni kuna watoto wazima wanaendelea kukua.

Namba peke yake haisemi kitu. Inataka tarehe ya mimba, inataka namba ya mbwa huyo huyo akiwa mzima ili ulinganishe, na inataka altrasaundi. Hivyo vitatu ukiwa navyo majibu ya damu yanasomeka vizuri tu, ukivikosa hata daktari bingwa atakuwa anabahatisha. Mwongozo huu ni wa mfugaji, wewe unayelipa vipimo na kubaki na karatasi mkononi, wala hauchukui nafasi ya daktari wa mifugo, ila utakufanya uende kwake na taarifa anazozihitaji na umuulize maswali ya maana.

Kwanza zijue namba zenyewe

Mbwa akiumia, akipata maambukizi, au sehemu yoyote ya mwili ikichokozwa, seli za kinga zinatoa ujumbe, ujumbe unafika kwenye ini, na ini linaanza kumwaga protini fulani kwenye damu. Hiyo ndo inflamesheni inavyoonekana maabara. Kwa mbwa protini inayoongoza ni CRP, ambayo iligunduliwa kwenye damu ya wagonjwa wa nimonia mwaka 1930 na Tillett na Francis kule New York. Kwa mbwa inafanya kazi vizuri sana kama kipimo, tofauti na paka au ng'ombe ambao CRP yao haisaidii, kwa hiyo usije ukachukua maelezo ya mnyama mmoja ukamwekea mwingine.

Mbwa mzima asiye na mimba kwa maabara nyingi CRP yake iko chini ya 10 mg/L. Kukiwa na tatizo inaanza kupanda ndani ya saa 4 mpaka 24, inafika kileleni kwenye saa 24 mpaka 48 hivi, na inaweza kupanda hata mara mia ya ilivyokuwa. Sababu ikiondoka inashuka haraka, ndani ya siku chache tu. Huo wepesi wake ndo uzuri wake. Lakini CRP ni kama mlinzi anayepiga filimbi usiku, anakuambia kuna kitu kimeingia uani, hakuambii ni mwizi au ni paka.

Sasa hao wengine utakaowakuta kwenye karatasi. Seli nyeupe, kwenye FBP, yaani kipimo cha kuhesabu seli za damu (Kenya wengi wanaita hemogramu), kawaida ni 6 mpaka 17, yaani 6,000 mpaka 17,000 kwa kila maikrolita. Ndani yake kuna neutrofili, seli nyeupe zinazopambana na maambukizi, na hapa naomba uangalie kitu ambacho watu wengi wanaruka: bendi, yaani neutrofili changa. Kwa mbwa mzima bendi ni chache sana, chini ya 0.3, yaani 300 kwa maikrolita. Zikijaa maana yake uboho unatoa seli hata kabla hazijakomaa kwa sababu huko mwilini zinaisha kwa kasi, na hiyo mimba ya kawaida haifanyi. Kuna fibrinojeni, protini ya kugandisha damu, kawaida gramu 2 mpaka 4 kwa lita, nayo inapanda na inflamesheni ila polepole kuliko CRP. Kuna haptoglobini, protini nyingine ya ini, ambayo shida yake ni kwamba mbwa akipewa steroidi inapanda hata kama hana ugonjwa wowote. Kuna albumini, protini pia, ila hii ni kinyume, inashuka inflamesheni ikipanda. Na PCV, asilimia ya damu ambayo ni seli nyekundu, sio kipimo cha inflamesheni ila utaihitaji huko mbele.

Mimba inafanya nini kwenye hizo namba

Hapa ndo penyewe, soma taratibu.

Baada ya yai kurutubishwa vijusi vinaelea elea kwenye kizazi kwa siku kadhaa kabla ya kujishikiza. Kujishikiza kunatokea kwenye siku ya 17 mpaka 21 hivi baada ya yai kutoka. Kondo la nyuma la mbwa limezunguka kijusi kama mkanda na linachimba ukuta wa kizazi mpaka linaifikia mishipa ya damu ya mama, sio kugusa tu juu juu. Mwili wa mama unaona tishu inachimbwa, mishipa inafunguliwa, na ini linajibu kama linavyojibu kidonda. CRP inaanza kupanda kuanzia wiki ya tatu au ya nne, inafika juu kabisa katikati ya mimba, kwenye siku ya 30 mpaka 45, halafu inateremka kuelekea kuzaa. Fibrinojeni na haptoglobini nazo zinapanda. Na hapa CRP ya makumi kadhaa ya mg/L kwa mbwa mzima kabisa, anayetikisa mkia, anayekula, sio ajabu hata kidogo.

Jike ambaye hakushika mimba hana huo mpando, hata kama projesteroni yake (homoni ya mimba) iko juu vile vile, maana projesteroni ya mbwa inakaa juu miezi miwili hivi baada ya joto (kipindi cha kutaka dume) awe na mimba au asiwe nayo. Ndo maana miaka ya 90 watafiti waliona CRP na fibrinojeni zinaweza kutumika kujua kama mbwa ana mimba. Shida ni kwamba jino bovu, kupe, kidonda, vyote vinapandisha CRP, kwa hiyo kama unataka kipimo cha damu cha kujua mimba tumia rilaksini, homoni inayotoka kwenye kondo na inapimika kuanzia siku ya 25 mpaka 28 hivi. CRP usiitumie kutafuta mimba.

Seli nyeupe nazo zinapanda kidogo, unaweza kukuta 17 au 18 au 19 kwa mbwa mwenye mimba na bado ni mzima, mradi bendi hazijajaa. PCV inashuka, kwa sababu maji ya damu yanaongezeka kuliko seli, na mbwa ambaye kawaida yake ni 45 au 48 unaweza kumkuta na 32 au 35 karibu na kuzaa. Hiyo sio anemia ya kukurupukia vidonge vya chuma.

Hatua ya 1: chukua damu kabla hajapandwa

Hii ndo hatua ninayoipigania kuliko zote, na ndo watu wanaikwepa kwa sababu ya hela. Mpime mbwa akiwa ametulia, kabla ya joto au joto likiwa linaanza, FBP pamoja na CRP. Hiyo karatasi itunze. Mbwa mwenye CRP ya 3 akienda 35 siku ya 35 ya mimba unajua amepanda na mimba. Mbwa mwenye CRP ya 28 kabla hata hajapandwa ana tatizo tayari, itafutwe sababu, kinywa, masikio, ngozi, kupe, mkojo, na usimpandishe mpaka ijulikane.

Kwa huku kwetu kupe wa kahawia wa mbwa yuko kila mahali, na Ehrlichia na Babesia, vijidudu vya magonjwa anavyovibeba, vinapandisha CRP sana na kushusha chembe sahani (seli ndogo zinazogandisha damu). Chembe sahani chini ya 150, yaani 150,000 kwa maikrolita, kwa mbwa wa ukanda huu ifuatilie, ila mwombe mtu wa maabara aangalie slaidi kwa darubini kwanza maana chembe sahani zikigandana mashine inazihesabu chache. Ugonjwa wa kupe utibiwe kabla ya mimba. Akishakuwa na mimba mambo yanakuwa magumu, doksisaiklini, antibiotiki ya magonjwa hayo, inaweza kudhuru meno na mifupa ya watoto, na hapo daktari anabaki kupima lipi ni afadhali. Mpime pia Brucella canis, bakteria anayeambukizwa kwa kupandana, jike na dume wote wawili, hii inatoa mimba kwenye wiki za mwisho na ubaya wake ni kwamba FBP inaweza kutoka safi kabisa, kwa hiyo majibu mazuri ya inflamesheni hayamtoi mbwa kwenye hatari hiyo.

Usipime ndani ya wiki moja baada ya chanjo, kwa sababu chanjo yenyewe inapandisha CRP kwa siku moja mbili, wala baada ya upasuaji.

Hatua ya 2: andika tarehe, zote

Siku damu ya joto ilipoanza, siku alipokubali dume, kila siku aliyopandwa. Kama unaweza kupima projesteroni ujue siku yai limetoka hapo umemaliza, kuzaa ni siku ya 63 kutoka hapo, unaongeza au unapunguza moja. Ukihesabu kutoka siku ya kupandwa inaweza kuwa siku 56 mpaka 72 kwa sababu mbegu za dume zinaishi siku kadhaa ndani ya jike, na huo upana wa wiki mbili ndo unaovuruga kusoma CRP, maana 45 ya siku ya 36 na 45 ya siku ya 58 ni habari mbili tofauti kabisa.

Hatua ya 3: damu itolewe vizuri

Kwa mbwa asiye na mimba kufunga saa 8 mpaka 12 ni sawa, mafuta kwenye damu yanachafua vipimo. Mwenye mimba, hasa wiki tatu za mwisho, usimfungishe muda mrefu, sukari yake inaweza kushuka, hapo ongea na daktari mpange achukuliwe damu kabla ya mlo tu.

Atulizwe. Mbwa aliyeburuzwa, amebanwa na watu watatu, anapiga kelele, seli zake nyeupe zinapanda ndani ya dakika chache kwa sababu ya adrenalini. Stresi ya muda mrefu inafanya lingine, neutrofili komavu zinapanda, limfosaiti na eosinofili (aina nyingine za seli nyeupe), za kwanza zinashuka, za pili zinapotea, na mtu akisoma haraka anasema maambukizi. CRP haidanganywi kirahisi na hofu, na hii ni sababu nzuri ya kuipima pamoja na FBP badala ya kutegemea FBP peke yake.

Damu ya FBP inaingia kwenye tyubu ya kifuniko cha zambarau, ijazwe mpaka alama, igeuzwe juu chini taratibu mara nane mpaka kumi, sio kutikiswa kama chupa ya dawa ya kikohozi. Ukiangalia ukutani mwa tyubu ukaona kipande cheusi kimeganda, hata kidogo kama punje ya mtama, hiyo sampuli omba irudiwe pale pale, usiwaache waiingize kwenye mashine, utapata chembe sahani za uongo na seli nyeupe za uongo. CRP inatoka kwenye seramu, tyubu nyekundu au ya njano, iachwe igande, izungushwe kwenye mashine, ile seramu juu iwe na rangi ya majani makavu. Ikiwa ya pinki au nyekundu, seli zimepasuka. Fibrinojeni ina tyubu yake ya bluu. FBP ifike maabara siku hiyo hiyo, seramu ya CRP inavumilia siku chache kwenye friji.

Hatua ya 4: uliza mashine ni ya nani

Swali fupi tu: kipimo chenu cha CRP ni cha mbwa? Vipimo vingi vya CRP vimetengenezwa kutambua protini ya binadamu, na ya mbwa sio ile ile, kwa hiyo unaweza kupeleka damu ya mbwa anayeungua na homa kwenye maabara ya mtaani ukaambiwa CRP hasi, ukarudi nyumbani una amani ya bure. Kiwe cha mbwa au kiwe kimethibitishwa kwa mbwa, basi. Mashine ya kuhesabu seli vile vile, ikiwa imewekwa kwa binadamu inachanganya. Ukiwa karibu na vyuo vya mifugo kama SUA Morogoro au Kabete Nairobi anzia huko kuulizia, hata kama hawapimi wenyewe watakuambia nani anapima.

Na vipimio. 1 mg/dL ni 10 mg/L. Karatasi ya kwanza ikisema 3.5 mg/dL na ya pili ikisema 30 mg/L mbwa hajaharibika, ameshuka kidogo, ilikuwa 35 sasa ni 30. Maikrogramu kwa mililita ni sawa sawa na mg/L. Ukiweza baki maabara moja tangu mwanzo mpaka mwisho, maana kila mashine ina kawaida yake.

Hatua ya 5: pima tena siku ya 28 mpaka 35, pamoja na altrasaundi

Viende pamoja, siku moja, na sababu yake ni hii. Wiki ya nne mbwa mwenye mimba mzima anaweza kupunguza kula siku kadhaa, anaweza kutapika kidogo, anaweza kutoa ute kidogo mweupe au usio na rangi sehemu za siri, seli nyeupe zimepanda kidogo, CRP imepanda. Sasa chukua mbwa mwenye usaha kwenye kizazi ambao umeanza: hali chakula vizuri, anatapika, anatoa uchafu, seli nyeupe juu, CRP juu, na ugonjwa huu unapenda kutokea wiki chache baada ya joto, yaani wakati ule ule. Kwenye karatasi wanafanana. Na matibabu ya usaha wa kizazi ni kutoa kizazi chote au kuchoma sindano zinazotoa mimba. Ukikosea hapo hakuna kurudi nyuma.

Altrasaundi inamaliza ubishi. Siku ya 28 mpaka 30 unaona vifuko vya duara na ndani yake moyo unapiga. Usaha unaonekana kama maji yenye chengachenga ndani ya kizazi kilichotanuka, hakuna moyo. Mimi siwezi kukubali mbwa yeyote ambaye amewahi kukutana na dume apasuliwe kwa ajili ya usaha kwa karatasi ya damu tu, kama mbwa amesimama na anapumua vizuri tafuta altrasaundi hata mji wa pili.

Tuchukue mfano tuusome pamoja. Jeman Shepadi, miaka mitatu, siku ya 34 tangu yai litoke. CRP 42 mg/L, kabla ya kupandwa ilikuwa 4. Seli nyeupe 16.1, bendi 0.1. PCV 39, kabla ilikuwa 47. Chembe sahani 260. Albumini imeshuka kidogo. Joto la mwili 38.6. Anakula nusu ya chakula chake, ute mweupe kidogo, altrasaundi mioyo inapiga. Huyu hana ugonjwa, huyu ana mimba, hahitaji dawa yoyote, hata ya "kumkinga". Badilisha vitu vichache: CRP 180, seli nyeupe 31, bendi 3.8, joto 39.9, anakunywa maji kupita kiasi. Hata kama mioyo inapiga huyu ana jambo kubwa na hiyo CRP mimba haiwezi kuielezea, daktari atafute leo hii, sio kesho. Badilisha tena: CRP 150 lakini seli nyeupe 9 tu. Usiseme afadhali. Seli zinaweza kuwa kawaida au kushuka kwa sababu zinamalizika kwenye vita kuliko zinavyotengenezwa, slaidi itaonyesha bendi na seli zilizoharibika, na huyo anaweza kuwa mahututi kuliko yule wa 31.

Hatua ya 6: usiangalie namba moja, angalia inaelekea wapi

Majibu yakiwa ya katikati, CRP 60, 70, 80, bendi zimepanda kidogo, mbwa hachangamki lakini hajaanguka, rudia baada ya siku mbili. CRP ya mimba inatembea polepole kwa wiki, ya ugonjwa inaruka kwa siku. Ikitoka 70 ikaenda 74 mbwa anaendelea kula, mwangalie. Ikitoka 70 ikaenda 160, kuna kitu. Na kama daktari ameanza antibiotiki kwa sababu ya kweli, CRP ndo itakuambia mapema kama dawa inafanya kazi, siku mbili tatu inatakiwa iwe inateremka, isipoteremka dawa siyo au ugonjwa siyo.

Baada ya siku ya 45 mwelekeo unatakiwa kuwa chini. Mbwa wa siku ya 55 ambaye CRP yake inapanda wakati wenzake zinashuka huyo naye achunguzwe, matiti, kinywa, mkojo, kupe, na altrasaundi kuona kama watoto wote wako hai.

Hapa katikati niseme kuhusu dawa kwa sababu watu wanaona CRP juu wanakimbilia "dawa ya kushusha inflamesheni". Diklofenaki, aibuprofeni, hizo za kabatini kwako, hapana, kwa mbwa yeyote, na kwa mwenye mimba ndo kabisa. Deksamethasoni inaweza kutoa mimba. Dawa ya kuogeshea ng'ombe kupe usimwogeshee kwa kukisia, uliza ipi inaruhusiwa kwa jike mwenye mimba.

Hatua ya 7: wakati wa kuzaa na baada yake

Karibu na kuzaa CRP haina kazi kubwa. Kipimajoto ndo kina kazi, pima asubuhi na jioni wiki ya mwisho, joto likishuka chini ya 37.2 kwa kawaida uchungu unakuja ndani ya saa 24. Eksirei baada ya siku ya 55 inakuambia watoto wangapi ili ujue kama wametoka wote. Akitoa uchafu wa kijani na hakuna mtoto aliyetoka bado, mpigie daktari hapo hapo, kondo limeachia.

Baada ya kuzaa CRP inapanda tena, kizazi kinajikunja, sehemu kondo lilipong'oka zinapona, na kama alipasuliwa inapanda zaidi kisha inashuka ndani ya siku chache. Kwa hiyo usipime siku ya pili "kwa kuangalia tu", utajitia presha bure. Pima kukiwa na dalili: joto juu ya 39.5 linalodumu, uchafu unaonuka vibaya (wa kawaida unaanza kijani cheusi unageuka kahawia na wekundu, unapungua kila wiki, haunuki mzoga), titi moja limekuwa gumu, la moto, la zambarau, au mama ameacha watoto wanalia na yeye amejilaza pembeni. Hapo CRP juu pamoja na bendi nyingi ni maambukizi ya kizazi au ya titi mpaka ithibitike vingine, na watoto wanaweza kuhitaji chupa wakati mama anatibiwa.

Mama akitetemeka, anahema, anatembea kama mlevi wiki mbili tatu baada ya kuzaa, hiyo sio inflamesheni, ni kalisiamu imeshuka, usipoteze muda na CRP, kimbia kliniki.

Watoto wakishaachishwa ziwa, mwezi mmoja hivi baadaye, rudia FBP na CRP. PCV inatakiwa iwe imerudi ilipokuwa, CRP chini ya 10. Iandike tarehe, iweke kwenye faili lake pamoja na ile ya kwanza, na hiyo ndo utakayolinganisha nayo akipandwa tena.